Anayeyaona mahindi kabla hayajafika mpakani

Mfanyabiashara wa nafaka wa Busia ana njia zake za kujua msimu utakuwaje. Humpigia simu dalali wa Iganga. Humuuliza dereva aliyetoka Masindi jana usiku kama mashamba ya kando ya barabara yamesimama vizuri au yamenyauka. Akishachanganya habari hizo na bei ya asubuhi, huamua kama anunue sasa ajaze ghala au asubiri wiki tatu. Akikosea, hasara ni yake peke yake.

Njia hiyo imesomesha watoto wengi na hakuna sababu ya kuibeza. Ila ina kasoro mbili ambazo kila mtu wa mpakani anazijua. Dereva huona barabara moja tu. Na dalali ana lake: akitaka kuuza, mahindi ni haba, akitaka kununua, mahindi yamejaa hadi yanakosa pa kuwekwa.

Yapo macho mengine yanayoyatazama mashamba hayo hayo kila baada ya siku chache, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 700 juu ya ardhi, na hayana gunia la kuuza. Ni macho ya setilaiti. Miongoni mwa watu waliofanya kazi kubwa kuyawezesha kuielewa ardhi ya Afrika Mashariki ni Dkt. Catherine Nakalembe, mwanasayansi wa Uganda aliye Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Ameongoza kazi za Afrika za NASA Harvest, mpango wa shirika la anga la nchi hiyo unaohusu kilimo na usalama wa chakula.

Utafiti wake unaligusa soko la mpakani kwa namna mbili. Unaweza kumpa mfanyabiashara habari ya mavuno wiki nyingi kabla gunia la kwanza halijashonwa. Na habari hiyo hiyo, ikiwa mezani kwa waziri, inaweza kuwa mwanzo wa mpaka kufungwa.

Kutoka Elgon hadi Karamoja

Nakalembe alizaliwa Kampala. Alipenda kucheza mpira wa vinyoya na alitamani kusomea sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Makerere, lakini udhamini wa serikali kwa masomo hayo haukupatikana, akaingia sayansi ya mazingira. Akiwa mwanafunzi alifanya kazi na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na kufika Mlima Elgon, ambako alikutana na kazi ya kuchora ramani. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa shahada ya uzamili, kisha Maryland, ambako alipata uzamivu mwaka 2017.

Kwa utafiti huo wa uzamivu alirudi nyumbani, ila si katika mashamba mazuri ya Buganda au Busoga. Alichagua Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, eneo linalopakana na Turkana na Pokot Magharibi upande wa Kenya, na Sudan Kusini upande wa kaskazini. Wafanyabiashara wa Mbale, Soroti na Lira wanalijua kwa biashara ya pande mbili: nafaka inapanda kwenda Moroto na Kotido, mifugo inateremka.

Sehemu kubwa ya Uganda ina misimu miwili ya kilimo kwa mwaka. Karamoja ina mmoja. Mtama ndio nguzo. Mvua ikikatika katikati ya msimu hakuna mwingine wa kufidia mpaka mwaka ujao. Mwenye mbuzi humswaga mnadani apate pesa ya nafaka, na kwa kuwa majirani wote wanafanya hivyo hivyo wiki hiyo hiyo, bei ya mbuzi inaanguka wakati bei ya mtama inapaa. Aliyekuwa akipata magunia mawili kwa mnyama mmoja anajikuta anahesabiwa madebe.

Kwa kawaida serikali hujua kwamba ukame umeshika baada ya watu kuwa wameanza kulala njaa. Timu hutumwa wilaya kwa wilaya, ripoti huandikwa, kamati hukaa, na chakula cha msaada hufika wakati mifugo imekwisha kuuzwa kwa bei ya kutupa. Nakalembe alitaka kujua kama dalili zingeweza kusomwa mapema zaidi, zao likiwa bado shambani.

Alizipitia picha za setilaiti za miaka mingi. Jambo la kwanza lililojitokeza halikuwa ukame wenyewe bali ardhi. Kati ya mwaka 2000 na 2011 mashamba ya Karamoja yalikuwa yameongezeka sana, katika kipindi ambacho sera zilikuwa zikiwahimiza wafugaji kutulia mahali pamoja na kulima. Ekari ziliongezeka, lakini uhakika wa chakula haukuongezeka nazo. Mvua ilikuwa ile ile, na sasa watu wengi zaidi walikuwa wameitegemea. Hilo ni jambo ambalo takwimu za eneo lililolimwa, zikisomwa zenyewe ofisini, zingeweza kushangiliwa kuwa ni maendeleo.

Jambo la pili lilikuwa kipimo. Kwa kulinganisha hali ya mashamba ya mwaka husika na wastani wa miaka iliyopita, katika majuma yale yale ya msimu, ilionekana wazi ni lini Karamoja inaelekea kubaya. Kipimo hicho kikaingizwa katika utaratibu wa serikali chini ya NUSAF III, mradi wa maendeleo ya jamii kaskazini mwa Uganda uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kiwango kiliwekwa mapema: hali ya mimea ikishuka chini yake, fedha zinafunguliwa na kazi za umma zenye ujira zinapanuliwa ili kaya nyingi zaidi zipate kipato. Ubishi wa kama kweli kuna ukame unakuwa umemalizwa kabla ukame haujaja.

Waandaaji wa Tuzo ya Chakula ya Afrika walieleza kwamba zana zilizotokana na utafiti huo zilisaidia watu 84,000 wa Karamoja kuepuka makali ya mvua kukosekana, na kuiokolea serikali fedha ambazo zingetumika katika msaada wa dharura.

Kwa mtu wa biashara, namna msaada unavyotolewa si jambo dogo. Lori la chakula cha bure likimwagwa katika mji mdogo, muuza mtama wa mji huo anafunga duka. Kaya iliyolipwa ujira mapema inabaki na mbuzi wake na inaingia sokoni kununua. Nafaka iliyopo Mbale inapata sababu ya kupanda Moroto bila kusubiri tenda ya mtu.

Mwaka 2020 Nakalembe alitunukiwa tuzo hiyo pamoja na Dkt. André Bationo wa Burkina Faso, katika mkutano uliofanyika kwa njia ya mtandao Rwanda ikiwa mwenyeji. Bationo naye si mgeni katika mambo ya soko. Mbali na kazi yake ya rutuba ya udongo, alieneza Afrika Magharibi utaratibu wa mkulima kuweka nafaka ghalani na kuchukua mkopo kwa dhamana ya mzigo huo, jambo ambalo wanaonunua ufuta, korosho na mbaazi Tanzania watalitambua mara moja kwa jina la stakabadhi ghalani.

Kijani kinapimwaje

Hakuna uchawi katika jambo hili. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani lililochoka hufanya kinyume: linanyonya kidogo na kurudisha kidogo. Setilaiti hupima mianga yote miwili. Ukitoa mmoja katika mwingine na kugawa kwa jumla yake, unapata namba moja inayopanda zao linapostawi na kushuka linaponyauka. Wataalamu huiita NDVI. Mtu wa sokoni anaweza kuiita kipimo cha ukijani na asikosee sana.

Namba hiyo hupanda tangu mbegu inapochipua. Kwa mahindi hufikia kilele karibu na wakati wa kutoa mbelewele, kisha hushuka mabua yanapokauka. Kilele kikiwa chini kuliko miaka mingine, mavuno yatapungua, na hilo linajulikana wiki nyingi kabla ya kuvuna. Kikichelewa, mzigo nao utachelewa kufika sokoni. Hapo ndipo thamani yake kwa biashara ilipo.

Kalenda ya eneo hili inaonyesha kwa nini. Mahindi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Mbeya, Rukwa, Ruvuma na jirani zake, huvunwa kuanzia Mei. Msimu wa kwanza wa Uganda hutoka Juni hadi Agosti. Kapu kuu la Kenya, Trans Nzoia na Uasin Gishu, halifunguki hadi Oktoba na kuendelea. Katikati ya miezi hiyo Nairobi inakula mahindi ya kuvuka mpaka, na faida ya Namanga, Busia na Malaba imo humo. Msimu wa Uganda ukichelewa wiki tatu wakati Trans Nzoia imepanda mapema, pengo linafinywa, na aliyejaza ghala kwa matumaini ya bei ya Agosti anashtuka.

Tatizo ni kwamba zana hizi zilianza kutengenezwa kwa mashamba ya aina nyingine. Kifaa cha MODIS, kilicho kwenye setilaiti mbili za Marekani zilizorushwa mwaka 1999 na 2002, kina doa dogo kabisa la picha lenye upana wa mita 250 kila upande. Hizo ni zaidi ya ekari 15. Katika tambarare za Kansas, ekari 15 ni kona ya shamba moja la ngano. Katika kijiji cha Bungoma ni mashamba ya familia kadhaa, nyumba zao, migomba, kipande cha miwa, njia ya ng'ombe na kanisa. Setilaiti inachanganya vyote na kutoa namba moja.

Hali ilibadilika zilipokuja setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017. Doa lao ni mita 10 kwa 10, hivyo ekari moja inapata madoa kama 40, na kwa pamoja zinapita mahali pale pale kila siku tano au pungufu. Picha zake ni za bure, kama zilivyo za Landsat za Marekani tangu mwaka 2008. Mawingu yanabaki kuwa kero, maana mvua inayolisha zao ndiyo inayolificha. Setilaiti za rada hupenya mawingu, ingawa kuzisoma kunahitaji ujuzi wa namna yake.

Lakini hata doa la mita 10 halina maandishi yanayosema "hapa ni mahindi". Mahindi machanga na miwa michanga, kutoka juu, ni ndugu. Mahindi yaliyochanganywa na maharage ni fumbo jingine. Kompyuta inaweza kufundishwa kutofautisha, mradi ipewe maelfu ya mifano ya kweli: hapa mahindi, hapa mihogo, hapa mtama, kila mmoja na mahali pake kamili. Marekani na Ulaya mifano hiyo ipo kwa wingi kwa sababu wakulima huitoa wenyewe kwa serikali. Huku ilikuwa haba mno.

Athari yake imepimwa. Nakalembe na wenzake, akiwemo Hannah Kerner wa Marekani, walichapisha mwaka 2024 ulinganisho wa ramani 11 zinazodai kuonyesha mashamba yalipo katika nchi nane za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ramani hizo zilitofautiana sana kati yake. Mahali ambapo moja inasema shamba, nyingine inasema nyika. Ofisi inayopanga kiasi cha mahindi ya kuagiza kwa kutegemea ramani moja, bila kujua ni ipi kati ya hizo 11, inacheza kamari bila kujua.

Kamera juu ya pikipiki

Jibu la kundi hilo lilikuwa la kienyeji kabisa. Badala ya kutuma watafiti kuingia shamba kwa shamba na karatasi, kazi inayokula muda na mafuta, walifunga kamera ndogo kwenye magari na kwenye helmeti za waendesha pikipiki. Mwendeshaji anapita barabara za vijijini, kamera inapiga picha za mashamba ya pembeni mfululizo, na kila picha inabeba alama ya mahali ilipopigwa. Akili mnemba inaitazama na kusema kilichopandwa. Kisha programu husogeza alama kutoka barabarani kuiingiza ndani ya shamba lenyewe, kwa sababu kamera ilikuwa njiani na mahindi yapo mita kadhaa kando. Magharibi mwa Kenya ni moja ya sehemu za mwanzo kabisa kazi hii ilipofanyika.

Aliyewahi kusafiri kutoka Bungoma hadi Busia anajua bodaboda wanafika mahali ambapo gari la ofisi halifiki. Watafiti wamekuja kuutumia ujuzi ambao wanunuzi wa mahindi wa vijijini wameutumia miaka yote, tofauti ikiwa kwamba safari hii kila kilichoonekana njiani kinahifadhiwa na kuhesabiwa.

Matumizi yake yanaweza kuwa ya haraka. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka na kuzuia watu kutembea, serikali ya Togo ilihitaji kujua wakulima wake wadogo wako wapi ili iwafikishie msaada. Kundi la NASA Harvest, Nakalembe akiwemo, lilitengeneza ramani ya mashamba ya nchi nzima kwa muda usiofika siku 10.

Kwa ukanda huu, sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kufundisha. Maofisa wa wizara za kilimo na vitengo vya maafa vya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Mali wamepitia mafunzo ya kusoma picha hizi na kuandika taarifa zao wenyewe. Uganda, taarifa ya namna hiyo hutolewa na kituo cha dharura kilicho chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Kwa nini kufundisha kuna uzito kuliko mashine kulionekana Januari 2025. Mtandao wa FEWS NET, uliofadhiliwa na Marekani tangu mwaka 1985 kutoa tahadhari za njaa, ulizimwa ghafla baada ya serikali mpya ya Washington kusimamisha misaada ya nje. Ulirejea baadaye mwaka huo, lakini kwa miezi kadhaa waliozoea kufungua tovuti yake walikuta pameandikwa haipatikani. Kwa soko la mpakani lilikuwa pengo kubwa, kwani mtandao huo ulikuwa miongoni mwa wachache wanaofuatilia nafaka inayovuka mipaka ya eneo hili, hata ile isiyopita kwenye karatasi za forodha. Setilaiti ziliendelea kuzunguka kama kawaida. Kilichokosekana ni watu wa kuzisoma, na waliobaki ni wale waliokwisha kufundishwa Kampala, Nairobi na Dodoma.

Waziri naye anaona

Habari njema ya mavuno haina ugomvi. Habari mbaya ndiyo yenye siasa. Mwaka 2010 ukame uliunguza ngano ya Urusi, na mwezi Agosti serikali yake ikapiga marufuku kuuza nje. Bei za dunia zikaruka. Mwaka uliofuata mawaziri wa kilimo wa mataifa ya G20 walikubaliana kuanzisha ufuatiliaji wa mazao wa pamoja kwa setilaiti, GEOGLAM, kwa hoja kwamba hofu hukua mahali pasipo na habari. Ikiwa kila mtu anajua mavuno ya kila nchi, nchi hazitafunga milango kwa wasiwasi.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu nyingine inajulikana kwa wafanyabiashara wa Namanga na Holili. Katikati ya mwaka 2017, wakati sehemu nyingi za ukanda huu zilikuwa zimepungukiwa, Tanzania ilizuia mahindi ghafi kutoka nje ya nchi na kuelekeza unga ndio uuzwe. Serikali ilikuwa ikilinda chakula cha watu wake, na hakuna anayeweza kuilaumu kwa kutaka hivyo. Lakini zuio lilipotangazwa kulikuwa na mahindi ambayo yamekwisha kununuliwa kwa ajili ya soko la ng'ambo. Kadiri serikali zinavyoona upungufu mapema, ndivyo zinavyoweza kuchukua hatua mapema, na moja ya hatua hizo ni kufunga. Picha inayomwonya mfanyabiashara mwezi Mei inamwonya waziri mwezi huo huo, na waziri ana wataalamu wa kumsomea.

Ndiyo maana jambo la nani anapata taarifa si la heshima tu, ni la fedha. Taarifa nyingi ni za wazi. Kila mwezi, tangu Februari 2016, GEOGLAM hutoa ripoti ya tahadhari ya mapema kuhusu mazao katika nchi zilizo hatarini kukosa chakula, zikiwemo za Afrika Mashariki. Inaeleza kwa kila eneo kama zao liko vizuri, linahitaji kuangaliwa, ni baya au limeharibika kabisa, na inasema sababu: ukame, mafuriko, wadudu, vita. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, kilichopo nje kidogo ya Nairobi, hutoa utabiri wa msimu na taarifa za mazao za ukanda mzima. Bei za masoko ya mipakani zinapatikana kwenye mtandao wa RATIN unaosimamiwa na Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki.

Zote hazitozwi hata senti. Zote, kwa sehemu kubwa, zimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, zikiwa na ramani ambazo kwenye simu ya kawaida hazisomeki. Kampuni kubwa za kusaga unga zina vijana wa kuzichambua. Mama mwenye magunia 20 pale Malaba, anayevuka kwa utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000, hana. Soko lile lile, msimu ule ule, na mmoja anajua zaidi ya mwenzake. Chama cha wafanyabiashara wa mpakani kinachoweza kumpata kijana mmoja wa kuisoma ripoti hiyo kila mwanzo wa mwezi na kuituma kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp kitakuwa kimepunguza pengo hilo kwa gharama ya vocha.

Pia ni vizuri kujua jicho la juu haliwezi nini. Linaona majani, halioni gunzi. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia eneo hili mwaka 2017, hujificha ndani ya kiini cha hindi, na anaweza kuwa amefanya uharibifu wakati shamba bado linaonekana la kijani. Halijui kilichobaki ghalani tangu msimu uliopita, kitu ambacho kinaweza kugeuza bei kuliko mavuno mapya. Halioni vita vya bei ya dizeli, wala thamani ya shilingi moja dhidi ya nyingine.

Na halioni sumukuvu. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Malori yakapangana mpakani yakiwa na mzigo ambao hakuna setilaiti ingeweza kusema una kasoro. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti ambayo wafanyabiashara wanayafahamu: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane mahindi yametoka wapi.

Hapo kuna mahali ambapo kazi hizi mbili zinakaribiana. Sumukuvu hushambulia zaidi zao lililopigwa na ukame likiwa linakomaa, kisha likanyeshewa au kuanikwa vibaya. Ramani ya ukijani inayoonyesha kwamba wilaya fulani ilikauka wakati mahindi yanajaza punje haisemi kwamba mahindi yake yana sumu. Inasema mnunuzi atakayekwenda huko ni bora apime kabla ya kulipa, na asisubiri kupimiwa mpakani. Kiwango cha unyevu kinachokubaliwa na viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na kipimo chake kinashikika mkononi. Dalali atasema yamekauka. Gunia la katikati ya rundo, si la juu, ndilo la kufungua.